Sakafu ya Mbao: Namna Ilivyofika Mikononi mwa Mwenye Nyumba

Wengi wetu tumezoea sakafu ya udongo uliopigwa, au ya simiti. Katika nchi za baridi watu wamependa tangu zamani kukanyaga mbao, kwani ubao hauumizi miguu kwa baridi kama jiwe. Lakini kwa karne nyingi kazi hiyo ilikuwa ya mafundi tu. Tutazame basi namna mwenye nyumba mwenyewe alivyopata kuiweza.

Adui mkubwa wa sakafu hiyo ni maji. Ubao ukinywa unyevu hunenepa, ukikauka hukonda. Na hunenepa kwa upana, si kwa urefu. Asiyelijua jambo hili ataona sakafu yake inainuka katikati kama mgongo wa ng'ombe, hata akiipiga misumari mia.

Wafalme nao walisumbuliwa. Katika jumba la Versailles, nchi ya Ufaransa, vyumba vya mfalme Louis XIV vilikuwa na sakafu ya marumaru. Ilioshwa kwa maji mengi, nayo maji yakapenya na kuozesha boriti za chini. Ndipo, mwaka wa 1684, wakaanza kuweka vipande vya mwaloni vilivyopangwa kama mkeka uliosukwa. Kazi nzuri ajabu, lakini ya mabingwa.

Na watu wa kawaida? Mbao zao zilipasuliwa kwa msumeno mrefu, mtu mmoja juu ya gogo, mwenzake shimoni, unga wa mbao ukimwangukia machoni. (Kazi hiyo yajulikana Afrika pia, na kila mtu hupenda kusimama juu.) Mbao hizo hazikulingana. Zilipokauka ziliachana, vumbi na upepo vikapita katikati.

Mwaka wa 1828 Mmarekani mmoja, William Woodworth, alipata hati ya serikali kwa mashine yake. Iliupiga ubao randa, ikauchonga ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Ulimi wa ubao huu huingia katika mfereji wa jirani yake. Hata mbao zikikonda kidogo, tundu halionekani. Msumari hupigwa kwa kuinamishwa juu ya ulimi, na ubao unaofuata huuficha. Lakini wenye hati hiyo waliwatoza watu mali nyingi hata mwaka wa 1856, na manung'uniko hayakukosa. Haki yao ilipokwisha, viwanda vyote vikawa huru.

Mwaka wa 1977 Waswedi walitengeneza sakafu ya namna nyingine, ya unga wa mti uliogandamizwa. Tuseme kweli: juu yake ni karatasi yenye picha ya ubao! Kwanza vipande viliunganishwa kwa gundi. Katika miaka ya 1990, huko Sweden na Ubelgiji, wakabuni ulimi unaojifunga wenyewe bila gundi wala msumari. Tangu hapo baba na mwanawe waweza kumaliza chumba kwa siku moja au mbili.

Lakini mti haukubadili tabia. Kwanza mbao zilale chumbani siku mbili au zaidi, zizoee hewa yake. Simiti mpya ingojewe ikauke, karibu mwezi mmoja kwa kila sentimetri mbili na nusu za unene. Kisha nafasi ya sentimetri moja iachwe kando ya kuta zote, na kufunikwa kwa ubao mwembamba. Wengi huidharau nafasi hiyo kwa sababu haionekani. Nayo ndiyo inayookoa sakafu.

Katika nyumba nyingi za Ulaya, mti unaokanyagwa ulitoka kwetu: wenge mweusi, au afrormosia wa misitu ya Kisangani. Tangu mwaka wa 1992 mataifa yameiweka biashara ya afrormosia chini ya ulinzi, maana mti huo ulikatwa mno. Anayetaka kuutumia nyumbani kwake hapa Kongo, naye akanunua mbao mbichi, azipange kivulini, vijiti vikitenganisha ubao na ubao, akangoje miezi mingi kabla ya kushika nyundo.