Kujitolea si ujinga

Wadau, juzi rumeti kaniuliza: kila Jumamosi unapiga chokaa uwanja wa kitivo, unalipwa shilingi ngapi? Nikakosa jibu.

Jana nikasoma habari za MYSA ya Mathare, Nairobi, iliyoanzishwa 1987. Pale ushindi ulikuwa pointi 3, lakini timu ikizoa taka mtaani ilipata pointi 6 kwenye msimamo wa ligi! Na vijana waliojitolea kufundisha au kuchezesha mechi walikusanya pointi zilizowalipia ada ya shule. Timu yao, Mathare United, ikatwaa ubingwa wa Kenya 2008.

Kumbe mshahara sikuuhitaji. Nataka tu jasho langu lihesabiwe. Jumamosi nipo na chokaa yangu. Nani anakuja?