Mwamuzi, Mtambaji au Mwongozaji? Historia ya Istilahi Moja

Miongoni mwa istilahi zinazomtatiza mfasiri ni zile za michezo ya mezani ambayo wachezaji hujivika nafsi za wahusika wa kubuni, wakasema na kutenda kama wao, huku mmoja wao akieleza ulimwengu wanamopita na matokeo ya matendo yao. Wengi hukimbilia kuuita "mchezo wa kuigiza". Jina hilo limekwisha kuwa mali ya tamthilia, na tamthilia aghalabu ina maandishi anayoyahifadhi mwigizaji. Katika michezo tunayoizungumzia hakuna aliyeandikiwa la kusema. Hivyo hapa tutatumia "mchezo wa uhusika". Swali gumu zaidi ni hili: huyo anayeeleza ulimwengu tumwite nani? Kamusi peke yake haitoshi kutujibu. Yafaa tuitazame historia, maana ndani yake limejirudia suala moja: mchezaji akichagua jambo lisilotazamiwa, nani aamue, na kwa kipimo gani?

Suala hilo lilianza katika majeshi ya Prusia. Mwaka 1824 ofisa kijana wa ukoo wa von Reisswitz, akiendeleza kazi ya baba yake, alichapisha kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani. Kila upande ulimwandikia mwamuzi amri zake, naye akasogeza vikosi na kupima hasara kwa dadu na majedwali. Kadiri kanuni zilivyozidi, mchezo ulizidi kuwa mzito. Mwaka 1876 Verdy du Vernois alitoa hoja ya kupunguza majedwali na kumwachia mwamuzi aamue kwa ujuzi wake wa vita. Tangu hapo njia zikawa mbili: hukumu ya jedwali na hukumu ya busara.

Njia hizo zilikutana upya huko Minnesota, Marekani, mwaka 1969. David Wesely aliandaa mchezo wa vita katika mji wa kubuni wa Kijerumani uitwao Braunstein, akawagawia wachezaji nafasi mbalimbali za wakazi wa mji, si za makamanda tu. Punde wakaanza kufanya mambo ambayo hakuyaandalia kanuni. Wawili hata wakaitana kupigana ana kwa ana. Wesely alilazimika kubuni hukumu papo hapo, na alidhani mchezo umeharibika. Wachezaji, kinyume chake, walitaka urudiwe. Dave Arneson, aliyekuwa wa kundi hilo, aliiendeleza njia hiyo, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax walitoa Dungeons & Dragons.

Hadithi za sayansi ziliufanya mzigo kuwa mkubwa zaidi. Katika pango la majoka njia ni chache. Mwenye chombo cha anga aweza kuelekea nyota yoyote. Traveller, mchezo wa Marc Miller uliotolewa mwaka 1977, uliikabili shida hiyo kwa ufundi. Ramani yake ya eneo moja la anga ina vyumba 80 vya pembe sita, na dadu huonyesha wapi pana dunia, ina bandari ya namna gani, hewa, maji, watu, serikali, ukali wa sheria na kiwango cha ufundi. Kwa dadu mbili hupatikana pia mwitikio wa wageni wanaokutana na wahusika, kuanzia uadui hadi urafiki. Aidha, mruko mmoja kati ya nyota huchukua yapata wiki moja, wala hakuna habari inayokitangulia chombo kilicho mbio kuliko vyote.

Tuseme mwamuzi ametayarisha safari ya kupeleka dawa katika dunia fulani. Wachezaji wanaamua kuziuza kwingine na kutoroka na chombo ambacho bado kina deni, deni ambalo kwa kanuni za mchezo huo hulipwa kwa miezi 480. Mwamuzi dhaifu atasema mitambo imeharibika, ili awarudishe katika njia aliyoitaka. Huko ni kuwapokonya uamuzi waliokwisha kuufanya. Mwamuzi mjuzi huitengeneza dunia mpya kwa dadu, hutazama sheria yake ina ukali gani, kisha hujiuliza habari za wizi zitafika lini. Matokeo yatawafuata wahusika, lakini yatatokana na tendo lao wenyewe.

Sasa turudi kwenye istilahi. "Mtambaji" ni neno zuri, lakini mtambaji ndiye mwenye hadithi. Hadhira humwitikia, haimgeuzii mwisho. "Mwongozaji" ni wa filamu na jukwaa, na humwambia mwigizaji la kufanya. "Msimamizi" huchunga utaratibu tu. Kwa hiyo twapendekeza "mwamuzi", ambalo pia ndilo linalolingana na cheo kinachotumiwa na Traveller yenyewe. Wapo watakaosema kwamba mwamuzi ni wa kandanda. Ni kweli, lakini kuamua ni zaidi ya kupuliza filimbi: ni kukata shauri pale ambapo jambo lina njia mbili.

Hata bao letu linatusaidia kuona tofauti. Mchezaji wa bao aweza kumshangaza mwenziwe, lakini kwa kete 64 na mashimo 32 mshangao wake u ndani ya kanuni, na kanuni zatosha kuumaliza. Mchezo wa uhusika huanza pale kanuni zinapokoma. Mwalimu atakayeupeleka darasani akiitwa mwongozaji, atawaongoza wanafunzi hadi mwisho aliokwisha kuuchagua. Akiitwa mwamuzi, atajua kwamba kazi yake ni kusikiliza kwanza walichoamua wao.