Tibakemikali: Matayarisho na Ustahimilivu Wake

Tibakemikali ni matibabu ya saratani kwa dawa zitiwazo mwilini, aghalabu kwa mshipa na pengine kwa vidonge, zenye kuziua chembe zigawanyikazo kwa haraka; na kwa kuwa tabia hiyo si ya chembe za saratani peke yake, bali uboho utengenezao damu, mashina ya nywele na utando wa kinywa na matumbo navyo vinayo, mgonjwa hupata madhara katika sehemu ambazo maradhi yenyewe hayakuzigusa kamwe. Akielezwa haya mapema, hatadhani siku nywele zitakapomtoka kwamba saratani imemshinda.

Asili ya dawa hizi ni ya ajabu. Ya kwanza ilitokana na gesi ya sumu ya vita, ikajaribiwa Marekani mwaka 1942. Vinkristini, nayo, hutolewa katika ua la asili ya Bukini lipandwalo kwa pambo mbele ya nyumba nyingi za pwani, na hadhari itangulie kwamba kulichemsha ua hilo na kulinywa si tiba, ni sumu. Afrika Mashariki ina fungu lake katika tarehe hii: mwaka 1958 Denis Burkitt, tabibu wa Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya za watoto ulioitwa baadaye kwa jina lake, uvimbe ambao ulidhihirika kuwa huyeyuka kwa dawa, na Taasisi ya Saratani ya Uganda ikaanzishwa mwaka 1967.

Matayarisho huanza kabla ya dozi ya kwanza. Damu, figo, ini na, kwa baadhi ya dawa, moyo hupimwa. Jino bovu hutibiwa, kwani kidonda cha kinywani ni mlango wa maradhi wakati kinga ya mwili imeshuka. Na mwenye kutaraji mtoto baadaye humwambia tabibu hata kama hakuulizwa, maana dawa nyingine hudhuru uzazi, na mimba haifai kutungwa katika muda wa matibabu. Mgonjwa hana budi pia kutaja kila anachokunywa, hata mizizi aliyopewa na mganga. Wala suala la nauli si dogo: dozi hurudiwa, mara nyingi kila siku 21 kwa miezi kadhaa, na mtu atokaye Kigoma kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, yampasa ajue tangu awali atafikia kwa nani na nani atamshikia shamba.

Siku ya dripu yenyewe haina maumivu makubwa. Dawa iitwayo doksorubisini ni nyekundu mfano wa sharubati ya choya, na mkojo huwa mwekundu siku moja au mbili baadaye, jambo lisilo na hatari. Lakini mahali pa sindano pakiwaka moto au pakivimba, mwuguzi aitwe papo hapo, kwa kuwa dawa nyingine zikivuja nje ya mshipa hula nyama.

Hatari kubwa huja nyumbani. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, takriban, chembe nyeupe za damu hupungua mno, na joto la mwili likifika nyuzi 38 mgonjwa hupelekwa hospitali saa ile ile, hata usiku wa manane, wala asimeze panado kwanza ikaificha homa, wala jamaa wasiseme ni malaria ya kawaida. Watu wetu wamelelewa kuvumilia kimya ili wasiwasumbue walezi, na tabia hiyo, inayosifiwa mahali pengi, hapa huua. Kipimajoto kina faida kuliko vikapu vya matunda vya wageni, na mgeni mwenye mafua heri apige simu.

Dawa ya kichefuchefu humezwa kwa saa zake, bila ya kungoja kutapika. Uji mwembamba kidogo kidogo hukubali pale wali unapokataa, na samaki wakaangwe mbali na chumba cha mgonjwa. Kinywa husukutuliwa kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, na mswaki uwe laini. Anayetumia saiklofosfamidi sharti anywe maji mengi yamlindie kibofu, na mwezi wa Ramadhani hauliondoi sharti hilo, kwani mgonjwa ana ruhusa ya kula. Kulipa siku au kutoa fidia ni swali la kumwuliza shehe. Kwa muda wa saa 48 baada ya dozi, amwagaye matapishi au mkojo wake avae glavu, lakini kula naye sahani moja na kulala naye chumba kimoja hakumdhuru mtu.

Nywele hutoka wiki ya pili au ya tatu, si kwa dawa zote, na huota tena. Vinkristini hutia ganzi vidoleni, hata vifungo vya shati vikawa kazi na sufuria ya moto ikashikwa bila kuhisiwa. Hilo nalo liambiwe tabibu, maana kipimo cha dawa huweza kupunguzwa.

Kabla ya kila dozi damu hupimwa upya. Chembe zikiwa bado chache, dozi huahirishwa, pengine wiki nzima, na mgonjwa hurudi nyumbani bila dripu akidhani ameachwa, ilhali tabibu anaungoja uboho wake urudishe chembe alizokwisha kuzipoteza.