Mafuriko ya Kilosa ya 2009-2010

Mafuriko ya Kilosa yalikuwa maafa yaliyoikumba Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, nchini Tanzania, kuanzia mwisho wa Desemba 2009 hadi Januari 2010. Watu zaidi ya 20,000 walibaki bila makazi.

Chanzo

Mto Kinyasungwe huleta maji kutoka Mkoa wa Dodoma hadi eneo la Kidete. Ukiendelea huitwa Mkondoa, nao hupita kando ya mji wa Kilosa. Kutokana na mvua kubwa bwawa la Kidete lilibomoka na tuta lililokinga mji likakatika. Reli ya Kati, inayofuata bonde hilohilo, iliharibika kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za treni zikasimama kwa miezi kadhaa.

Misaada

Waathirika walihifadhiwa katika majengo ya umma na kambi za mahema. Serikali na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania waligawa chakula na vifaa vya nyumbani. Maji safi na vyoo vilihitajika haraka, kwa kuwa kipindupindu huenea upesi kambini.

Baada ya mafuriko

Wakazi wengi ni wakulima: ardhi yenye rutuba iko kandokando ya mto, lakini kiwanja salama kiko mbali nayo. Hivyo hema na unga havikutosha. Zilihitajika pia mbegu, viwanja na tuta imara. Januari 2014 mafuriko yaliikumba tena wilaya hiyo, hasa Magole na Dumila.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaagiza kuwepo kwa kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji.