Miaka minne ya kusubiri cheti

Ukilipekua gazeti hadi kwenye matangazo madogo, kati ya mnada wa magari na hati ya kiwanja iliyopotea, utakuta mara mojamoja maneno machache yenye jina la mtu na anwani yake. Yanasema mtu huyo ameomba kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi apewe uraia wa Tanzania kwa tajnisi, na kwamba yeyote anayejua sababu ya kumnyima aiandike, atie saini na kuiwasilisha.

Wengi wetu tunaliruka tangazo kama hilo. Lakini nyuma yake kuna safari ndefu. Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 katika ile 10 iliyotangulia. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na akikubaliwa aukane uraia wake wa zamani na kula kiapo cha utii. Jalada lake linapita kwa viongozi wa kata, wilaya na mkoa, wanaomfahamu au wanaodai kumfahamu, ndipo lifike mezani kwa Waziri. Katika safari yote hiyo hakuna jaji. Kauli ya mwisho ni ya Waziri, na sheria ile haimlazimishi kutoa sababu.

Mjadala wa nani awe raia ulianza hata kabla bendera haijapandishwa. Oktoba 1961, muswada wa uraia ulipofika bungeni, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere aliwajibu kwa ukali usio wa kawaida yake. Alifananisha hoja ya rangi na siasa za Hitler, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuikubali. Muswada ukapita. Naamini ile ni moja ya siku kubwa kabisa katika historia ya Bunge letu, na inasikitisha kwamba vijana wengi hawajawahi kuisikia.

Msimamo ule haukubaki maneno ya bungeni. Mwaka 1980 Tanzania iliwapa uraia maelfu ya wakimbizi wa Rwanda. Lakini mtihani mkubwa ulikuwa wa Warundi wa 1972.

Mwaka ule mauaji ya kutisha yalitokea Burundi, na Wahutu kwa maelfu wakavuka mpaka kuingia Kigoma. Serikali iliwapeleka ndani zaidi ya nchi, kwenye mapori ya miombo: Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Walipewa mashamba, wakafyeka, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, wakalipa kodi. Watoto wakasoma shule za Kitanzania kwa Kiswahili. Hata hivyo, mkimbizi aliyetaka kutoka nje ya makazi alihitaji kibali. Mtu aliyezaliwa Katumba, asiyewahi kuiona Burundi hata siku moja, alikuwa akiomba ruhusa ya kusafiri katika nchi pekee aliyoijua.

Mwaka 2007 serikali na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi waliwahesabu na kumwuliza kila mmoja anataka nini. Katika watu wapatao 218,000, kama asilimia 80 walichagua kubaki na kuwa Watanzania. Wengine walichagua kurudi Burundi. Ada ya maombi, ambayo familia ya mkulima isingeiweza kamwe, ilipunguzwa. Mwaka 2010 yakatoka majibu: watu 162,156 wamekubaliwa. Ni vigumu kutaja nchi nyingine ya Afrika iliyowapa wakimbizi wengi kiasi hicho uraia kwa mara moja.

Lakini vyeti vya uraia havikuja. Serikali ilikuwa imepanga makazi yale yafungwe na raia wapya watawanywe katika mikoa mingine, na cheti kikawekwa nyuma ya sharti la kuhama. Baadhi ya viongozi wa mikoa iliyotarajiwa kuwapokea hawakuwa tayari, na mpango ukakwama. Hapo watu wakabaki hewani. Walikuwa wameukana uraia wa Burundi, na hawakuwa na karatasi ya kuthibitisha ule wa Tanzania. Mkulima hakujua apande mwembe au aache, akarabati nyumba au asubiri lori la kumhamisha. Kijana aliyeulizwa uraia wake alipokwenda kutafuta kazi hakuwa na cha kuonyesha.

Hali hiyo iliendelea hadi Oktoba 2014, vyeti vilipoanza kugawiwa, sharti la kuhama likiwa limeondolewa. Mwaka uliofuata kukawa na uchaguzi mkuu, na mwenye cheti aliyetimiza umri angeweza kupiga kura kama jirani yake.

Kwangu mimi, uamuzi wa kuwapokea ni fahari ya nchi hii, na ile miaka minne ni doa. Mtu aliyekwisha kukubaliwa hakupaswa kuwekewa sharti jipya. Na kwa kuwa sheria haikuweka mahakama katika jambo hili, mkulima wa Mishamo hakuwa na mlango wa kubisha hodi. Alikaa tu akasubiri huruma ya ofisi.

Wabunge wetu wana uwezo wa kulirekebisha hilo. Waanze na jambo dogo kabisa: kila anayenyimwa uraia, au anayecheleweshewa cheti chake, aandikiwe barua yenye sababu, na awe na mahali pa kuipeleka barua hiyo.