Baraza la Maji la Valencia

Waarabu na Maberiberi waliovuka bahari mwaka 711 wakaitawala Andalusi, ambao Wazungu huwaita Wamori, aghalabu hutajwa kwa majumba ya Granada na msikiti wa Cordoba, na majengo hayo, wallahi, yastahili sifa zote yanazopewa. Lakini kwa maoni yangu urathi wao ulio bora hauna kuba wala nguzo, nao ni ada ya kugawana maji ya mto Turia, huko Valencia nchini Hispania, pasipo watu kumwagiana damu.

Katika uwanda wa mto huo walitandaza mifereji, na kwa maji yake wakastawisha mpunga, miwa, malimau na mabiringani. Maji hawakuyapima kwa pishi wala kwa pipa, bali kwa fungu: kila shamba lilikuwa na haki ya sehemu yake katika maji yaliyopo, yawe tele au haba, hata mwaka wa ukame dhiki ilimfikia tajiri kama ilivyomfikia jirani yake mnyonge.

Mfalme Jaime wa Aragon alipoutwaa mji mwaka 1238, msikiti mkuu aliugeuza kanisa, lakini kanuni za mifereji alizithibitisha kama zilivyokuwa zama za Waislamu. Juu ya msingi huo limesimama baraza ambalo hukutana kila Alhamisi, saa sita za mchana, mlangoni pa kanisa kuu lililojengwa mahali pa msikiti ule. Mahakimu wake ni wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao, wanane kwa mifereji minane. Hapana wakili: aliyefungulia maji isipokuwa zamu yake, au aliyeacha mfereji ukazibwa na taka, hujitetea kwa ulimi wake mwenyewe, hakimu wa mfereji wake hujitenga na kesi, asije akampendelea, na hukumu hutolewa papo hapo, wala haina rufani. Uadilifu ambao maskini asiyejua kusoma aweza kuufikia bila ya gharama ni adimu hata katika dola zenye nguvu.

Kwa hiyo huniuma kukumbuka kwamba mwaka 1609 Mfalme Felipe wa Tatu wa Hispania aliamuru wazao wa Waislamu hao, ijapokuwa walikwisha kubatizwa, wafukuzwe nchini. Na kutoka Valencia peke yake watu zaidi ya laki moja walipakiwa vyomboni kupelekwa Afrika ya Kaskazini, vijiji vikawa mahame, na miwa ikakosa wa kuilima. Wakristo waliohamia mahali pao waliikuta mifereji, wakajifunza kuitunza kwa kanuni zile zile, na baraza halikuvunjika. Mwaka 2009 UNESCO ililitia katika orodha ya urathi wa wanadamu, pamoja na baraza la wakulima wa Murcia, ambao nao walirithi ada hiyo.