Mishipa ya Damu ya Mapafu Oksijeni Inapopungua

Yanayoelezwa hapa ni mageuko ya seli katika kuta za vishipa vipelekavyo damu mapafuni, yatokeayo oksijeni inapopungua ndani ya vifuko vya hewa. Kwingineko mwilini mshipa ukikosa oksijeni hutanuka. Ule wa pafu hujikaza, na katika ukaidi huo mna hekima, kwani damu huepushwa na sehemu isiyopata hewa ikaelekezwa penye hewa ya kutosha. Kukaza huku Ulf von Euler na Göran Liljestrand wa Sweden walilieleza mwaka 1946, baada ya kuwapima paka.

Kukaza huko ni kwa muda mfupi: milango ya potasiamu katika seli za misuli laini hufungwa, kalsiamu huingia, msuli ukajikunja. Ila upungufu ukidumu kwa majuma mengi, kukaza hugeuka kuwa ujenzi. Protini iitwayo HIF, ambayo oksijeni ikiwapo huvunjwa mara tu iundwapo, husalimika na kuziamsha jeni nyingi (ugunduzi uliowapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019). Seli za misuli hunenepa na kuzaana, hata zikaenea katika vishipa ambavyo awali havikuwa na msuli. Utando wa ndani hutoa endothelini, kemikali ikazayo mshipa, na gamba la nje hujaa nyuzi ngumu za kolajeni. Tundu likizidi kuwa jembamba, chumba cha kulia cha moyo hutuna kwa kazi, kisha huchoka.

Huenda mtu akaudhania mwinuko wa Kambove, mji wa shaba na kobalti katika Katanga ya Juu, kuwa ndio asili ya maradhi haya ya mishipa ya mapafu huko; lakini mwinuko huo haufiki mita 1,600, ilhali madhara ya milima aghalabu huhofiwa kuanzia mita 2,500 hivi. Cha kuchungwa huko ni vumbi. Tangu enzi ya kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, na ya Gécamines iliyoirithi, hata kwa wachimbaji wa mikono wa leo, mwamba hutobolewa, na vumbi la silika livutwalo miaka mingi hulitia pafu makovu yazuiayo oksijeni kupita na kuibana mishipa yenyewe. Mwenye hali hiyo hutweta akipanda ngazi fupi, na moyo ukishachoka, tabibu akibonyeza kifundo cha mguu wake, kishimo hubaki hata kidole kikishaondolewa.